Ndoo ya pombe kutoka Ubelgiji na ulimi wa Mama

Mimi ni yule mnayemsikia kila Ijumaa akitaja bei ya makala, ya unga na ya mafuta katika soko la Kadutu. Safari hii sitaji bei yoyote, ila makala nayo imo ndani ya habari hii, mtaona. Nataka kuwasimulia juu ya ndoo moja ya plastiki. Tangu nilipoigusia redioni mwezi uliopita nimepata simu nyingi kuliko zile ninazopata nikitangaza kwamba barabara imekatika. Akina mama wahami kutoka Kalehe na Minova ndio waliouliza zaidi, na walichouliza ni kimoja: ule uchungu mliuweka namna gani?

Kwanza niseme ndoo ilikujaje. Mama yangu ni mzalishaji wa Kalehe. Kwa miaka mingi alipika kasiksi. Ndizi alizivundika katika shimo lililofunikwa majani ya mgomba, akazikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, akachanganya na unga wa mtama uliokaangwa, na siku mbili tatu baadaye watu walianza kupita mbele ya nyumba wakisalimia kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Minervali yangu yote ilitoka katika mtumbwi ule. Hata ugonjwa wa mnyauko ulipoingia katika migomba ya Kivu (ulionekana kwanza Masisi kunako mwaka 2001, kisha ukateremka kwetu polepole), Mama aling'oa migomba iliyougua, akaizika, akapanda mingine, na kasiksi ikaendelea. Kilichomtoa pale si ugonjwa. Ni vita. Alifika kwangu Bukavu na bidoni moja, mikeka miwili na wajukuu watatu.

Ninyi mliokimbia mnajua kinachofuata. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja kufanya kazi yake, sasa anaamka saa ile ile na kukaa kwenye kiti. Mama alikaa hivyo miezi mingi. Hakulalamika. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa ametafuta mchumba, binti wa familia moja ya Bagira. Kwetu mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu, na pombe ya kwanza inayowekwa mezani inapaswa kutoka nyumbani kwa kijana. Kazie za bia unaweza kuongeza baadaye kadiri ya mfuko wako, lakini ile ya kwanza ni sauti ya ukoo. Mama alisema waziwazi: «Nitapeleka nini? Ndizi zenyewe ninanunua kwa kuhesabu, moja moja, kama mayai.» Tena baba wa binti, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha bia, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba kasiksi ni tamu mno kwake. Anapenda pombe chungu. Alikuwa mpakiaji wa kazie, si mpishi wa bia, ila ukimsikia akiongea utadhani mapipa yote yalikuwa yake.

Nilimwandikia binamu yangu wa Bruxelles kama mzaha. Yeye hakulichukua kama mzaha. Mtu aliyekuwa anarudi alituletea sanduku: ndoo yenye bomba dogo chini, kifuniko chenye kizibo cha kutilia maji ili hewa itoke bila kuingia, kipimo cha kioo kinachoelea, mashini ndogo ya kufungia vizibo vya chupa, na makopo mawili ya malti nzito kama asali, kila moja kilo 1.7. Ni vifaa vya wanaoanza. Maagizo yalikuwa mepesi: yeyusha kopo moja katika maji ya moto, tia kilo moja ya sukari, ongeza maji mpaka lita 23, nyunyizia chachu, funika.

Mama alikitazama kile kiboksi, akasema: «Pombe ya kopo.» Kisha akarudi kwenye kiti chake.

Kopo la kwanza nililiharibu mimi mwenyewe, na ninasimulia ili msirudie. Maji niliyoyatumia ni yale ya bidoni ambayo tunatia dawa ya klorini kwa sababu ya kipindupindu. Dawa hiyo msiiache kamwe katika maji ya kunywa, nasisitiza. Lakini klorini ikikutana na malti na chachu inazaa harufu ya bandeji. Ungeyachemsha maji yale kwanza, au ungeyaacha wazi usiku kucha ndipo uyachemshe, klorini ingetoka. Mimi sikufanya hivyo. Kosa la pili: niliona mapovu yamepungua siku ya tano, nikafunga katika chupa mara moja kwa haraka ya kuonja. Ilikuwa kiangazi, na usiku wa Bukavu wakati huo ni wa baridi. Chachu ilikuwa imelala tu, haijamaliza kula sukari.

Kunako saa nane za usiku, juma moja baadaye, chupa mbili zilipasuka chini ya meza. Niliruka nikawasha tochi. Wale watoto watatu hawakuwa kitandani. Walikuwa wamelala kifudifudi sakafuni, chini ya kitanda, mdogo kabisa amefunikwa na dada yake, na hakuna aliyelia. Walijua la kufanya. Mama naye alikuwa amekaa ukutani mbali na dirisha. Niliwaambia ni pombe, ni pombe tu, na ilichukua muda mrefu kabla hawajatoka. Jirani aligonga kuuliza ni upande gani wanapigana.

Asubuhi nilitaka kutupa vyote. Ni Mama aliyekataa. Aliokota chupa iliyobaki, akaifungua nje polepole huku ameifunika kwa kitambaa, akamimina kidogo mkononi, akaonja, akatema. «Maji ya hospitali,» akasema. Akaonja tena. «Sukari haijaisha humu ndani. Ulifunga mtoto anayelia.» Akaonja mara ya tatu. «Na uchungu hakuna. Huyo mzee wa Bagira atacheka.»

Siku hiyo aliacha kiti.

Sasa nifike penye swali lenu. Uchungu wa bia unatoka katika hubloni, ua la kijani la mmea unaopanda juu ya kamba kama maharage. Haikui vizuri kwetu. Inahitaji siku ndefu za kiangazi cha Ulaya, mchana wa saa 15 au 16, na hapa karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima. Lakini hubloni si mgeni: imo ndani ya chupa za Kongo tangu Primus ilipoanza kupikwa Kinshasa, wakati huo Léopoldville, mwaka 1926. Kwa Wazungu wenyewe kazi yake ya zamani haikuwa ladha tu. Inazuia baadhi ya vijidudu vinavyochachusha vibaya, kwa hiyo bia inakaa. Yule mtawa Hildegard wa Bingen aliandika juu ya nguvu hiyo ya kuhifadhi vinywaji katika karne ya 12.

Malti ya kopo ina hubloni ndani yake tayari, lakini kidogo, kipimo cha mtu asiyependa kukunja uso. Ukitaka zaidi una njia mbili. Ya kwanza haigharimu kitu: punguza maji. Kopo lile lile katika lita 18 badala ya 23 linakuwa zito na chungu zaidi. Ya pili ni kuongeza hubloni yako mwenyewe.

Mama alijaribu njia ya tatu kabla hatujapata hubloni. Alichuma majani ya mubirizi nyuma ya nyumba ya jirani, yale tunayowachemshia wagonjwa wa malaria, akachemsha, akatia katika chupa mbili za ile pombe yangu ya hospitali. Uchungu ulikuja, oo, ulikuja! Ulikaa kwenye koo mpaka jioni. Harufu hakuna. Mke wangu alionja akauliza kama kuna mtu mwenye homa.

Binamu yangu akatuma basi kifurushi kingine, safari hii chepesi kama barua: gramu 100 za hubloni iliyosagwa na kushindiliwa kuwa vidonge vya kijani mfano wa chakula cha sungura. Juu ya mfuko paliandikwa Poperinge, mji wa Ubelgiji unaolima mmea huo, na asilimia 5. Hiyo asilimia ndiyo ya kusoma kwanza. Ni kiasi cha ile asidi inayozaa uchungu. Hubloni ya asilimia 10 ungehitaji nusu tu kupata uchungu ule ule. Mama aliuweka mfuko puani, akafumba macho, akasema unanuka majani yaliyokatwa na ganda la chungwa.

Hapa nilijifunza jambo ambalo sikulijua, na ndilo nililotaka kuwaambia. Uchungu na harufu havitoki kwa njia moja. Ile asidi ya hubloni ikiwa mbichi si chungu sana na haiyeyuki vizuri katika maji. Inapaswa kuchemka muda mrefu, saa nzima, ndipo inageuka kuwa chungu na kukaa ndani ya pombe. Harufu nayo ni mafuta mepesi, na mafuta hayo yanapanda na mvuke kama harufu ya kitunguu jirani anapokaanga. Ukichemsha saa nzima unapata uchungu, harufu imekwenda kwa jirani. Ukitia mwishoni, moto umezimwa, unapata harufu na uchungu kidogo. Mkono mmoja wa hubloni hauwezi kukupa vyote viwili.

Tena sisi wa Bukavu tuna shida yetu. Mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva hapa kuliko Uvira. Hubloni nayo ni hivyo hivyo: inageuka polepole zaidi. Maagizo ya Ulaya yakisema dakika 60, hapa ongeza kama 20. Nilipomweleza Mama hayo kwa fahari ya mtu aliyesoma, alinijibu bila kugeuka: «Kama maharage.» Alikuwa amekwisha kuelewa kabla sijamaliza.

Dakika 80 juu ya mbabula ni makala mengi. Ndiyo ile bei niliyowaahidi. Mke wangu alipiga hesabu ya gunia na hakufurahi, naye alikuwa na haki. Dawa yake ni kwamba si lazima uchemshe lita 18 zote. Tulichemsha hubloni katika lita tatu tu za maji, pamoja na vijiko vichache vya malti. Maji mepesi yanatoa uchungu vizuri. Yakiwa mazito kwa sukari uchungu unatoka kwa shida. Angalieni povu, linapanda ghafla na kuzima makala. Na tulipoepua sufuria, maharage ya jioni yaliingia juu ya moto ule ule.

Kopo lilikuwa limebaki moja. Nilitaka kutia kila kitu kwa mara moja. Mama alikataa, akasema ukibadilisha vitu viwili siku moja hutajua ni kipi kilichokudanganya. Tukaligawa kopo katikati. Nusu moja iliingia katika ndoo ya Ubelgiji, nusu nyingine katika bidoni yake, ile aliyokuja nayo kutoka Kalehe. Bidoni tuliisugua, tukaiosha kwa klorini, tukaisuuza kwa maji yaliyochemka mpaka harufu ikaisha. Kwenye mdomo wake tulifunga mpira mwembamba unaoingia katika chupa ya maji, na hapo ikawa na kizibo chake kama ndoo. Kila upande lita tisa, na sukari nusu kilo kasoro kidogo. Maji yote yalichemshwa na kupoa kwanza, maana chachu ukiitupa katika maji ya moto inakufa. Shika ndoo kwa kiganja: ukihisi joto, ngoja.

Katika ndoo tulitia gramu 20 za hubloni zilizochemka dakika zile 80. Katika bidoni, gramu 20 zile zile, lakini tulizitupa katika maji baada ya kuyaepua, tukafunika dakika 20, tukachuja kwa kitambaa. Chachu ya paketi moja tuliigawa mara mbili.

Kisha tukangoja, na hapo palikuwa na mashindano. Mimi nilikuwa na kipimo cha kioo. Kinaelea juu zaidi pombe ikiwa na sukari nyingi na kinazama sukari ikiliwa. Siku ya kwanza kilionyesha 1.044. Mama hakuwa na kipimo. Aliweka sikio kwenye bidoni asubuhi na jioni. Siku ya saba aliniambia: «Bado, inanong'ona.» Kipimo kilikuwa 1.016. Siku ya kumi: «Inapumua usingizini.» 1.011. Siku ya kumi na mbili alisema imenyamaza, na kipimo kilisoma 1.010, na kesho yake 1.010, na kesho kutwa 1.010. Kwa ninyi msio na kioo wala masikio ya Mama, kanuni ni hiyo: siku tatu bila badiliko ndipo ufunge. Kama huna kipimo ngoja majuma mawili kamili, na wakati wa baridi ongeza moja.

Tulionja. Ndoo ilikuwa chungu sawasawa, uchungu mkavu unaosimama ulimini, lakini ukiweka pua huoni kitu. Bidoni ilinuka vizuri mpaka watoto wakaja kuuliza ni juisi gani, na mdomoni ilikuwa nyepesi, inapita kama maji. Mimi nilikata tamaa. Mama alichukua vikombe viwili akaanza kumimina huku na huku, kama alivyofanya zamani na ndizi za mashimo mawili, shimo moja likiwa limeiva kupita lingine. Kimoja kwa kimoja, akatikisa kichwa. Viwili vya ndoo kwa kimoja cha bidoni, akasema kali. Akarudi kimoja kwa kimoja, akanyamaza kidogo. Akaomba mfuko.

«Kidogo tena, bila moto,» akasema.

Maagizo ya Ulaya yana jina la jambo hilo, lakini yeye hakuwa ameyasoma. Tulichanganya vyote katika ndoo, tukatia gramu 10 za hubloni kavu, tukaacha siku tatu. Hivyo harufu inaingia bila kuongeza uchungu mwingi. Baada ya siku tatu tulichuja na kufunga. Ukiacha majuma mengi inaanza kunuka nyasi zilizolala.

Juu ya chupa nisemeni pole pole, kwa sababu ya usiku ule. Ili pombe ipate mapovu unatia sukari kidogo wakati wa kufunga: gramu 6 kwa lita zinatosha, zimepimwa, si kwa kukisia kwa kijiko. Tulitumia chupa za bia za rangi ya kahawia za sentilita 72, zisizo na ufa. Rangi hiyo ina sababu: mwanga wa jua ukipita katika chupa nyeupe au ya kijani unaharibu hubloni, na ndani ya muda mfupi bia inanuka vibaya. Tena tulijaza chupa moja ya plastiki ya soda. Hiyo ndiyo mlinzi. Unaibonyeza kila siku; ikiwa ngumu kama jiwe, mapovu yametosha, na zote unazipeleka mahali pa baridi. Chupa zote tuliziweka katika sanduku la bati, juu yake magunia mawili yenye maji. Mama aliwaita watoto, akawaonyesha sanduku, akawaambia: mkisikia mlio kutoka humu, ni hili. Wakaligusa, mmoja mmoja.

Hakuna kilicholia. Zilipatikana chupa 22. Hazikujaza hata kazie mbili, na nyingine za sherehe tulinunua kama watu wote.

Niseme pia neno moja, kwa sababu mkuu wetu wa matangazo ameniomba na kwa sababu ni kweli. Katika mitaa ya wahami pombe kali imevunja nyumba nyingi, na mtu asichukue simulizi hii kama ruhusa. Hapa hakuna kukeneka. Na yule anayejua kwamba akianza hawezi kuacha, haya yote si yake.

Siku ya kwenda Bagira, msemaji wa ukoo wetu aliweka chupa mbili mezani kabla ya maneno yoyote. Mama alikaa nyuma na akina mama wengine, kitambaa kichwani, kama hakuna linalomhusu. Mzee alifungua mwenyewe. Aliinusa kwanza. Akamimina, akatazama povu, akanywa mara moja, akaweka glasi chini, akaichukua tena. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Nilihesabu mbao za dari.

«Hii imetoka kiwanda gani?» akauliza.

«Papa, imetoka nyumbani kwa kijana,» msemaji akajibu. «Mama yake ndiye alipika.»

Mzee aligeuka mpaka akamwona. «Mama, humu mmetia hubloni mara mbili,» akasema.

«Mara tatu,» Mama akajibu.

Basi yule mzee alicheka, akaanza kueleza wakwe wote habari za mapipa yake, na chupa ya pili hakuipitisha kwa mtu. Msidhani tulipata nafuu. Mazungumzo ya mahari yalikwenda mpaka jua likazama, na hakupunguza hata ng'ombe mmoja.

Juma lililopita binamu alipiga simu kutoka Bruxelles. Aliuliza atume makopo mangapi, maana kuna mtu anasafiri. Nilimpa Mama simu. Alikuwa ameinama juu ya gunia lenye maji pembeni ya ukuta, na ndani yake mtama ulikuwa umekwisha kutoa mizizi midogo myeupe, siku ya tatu, kama ule aliokuwa akiotesha Kalehe.

«Makopo yaache, mwanangu,» akamwambia. «Ni mazito bure. Tuma maua tu.»